Kopo la Donati na Gato ya Sabina

Likasi, Jumatano, kabla jua halijakaza

Donati, kichwa cha udongo,

Gato, ile keki ya harusi ya binti yako, nimeipika mimi. Nimeipika kwa mikono yangu hii miwili bila kumuuliza mtu, na imeinuka kuliko yoyote uliyowahi kutoa wewe katika miaka yote uliyojipaka unga kule kwa yule Mzungu wa mikate. Mupe wa parokia aliionja akafumba macho kama anasali.

Haya, nimesema uongo. Huko uliko mnaona kila kitu, nisijiaibishe bure. Gato aliipika Sabina mwenyewe. Mimi nilitia kuni, kama zamani. Mupe hajaonja hata chembe, alipita tu na baiskeli yake akauliza moshi ule ni wa nini. Lakini kuinuka imeinuka, hilo ni kweli tupu, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia kwa penseli ya mkwe wako na karatasi ya ofisi yake. Unajua mapadri walinitoa shuleni mwaka wa tatu, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usicheke. Wewe hata huo wa tatu hukuufikia.

Ndiyo, mkwe wako. Sabina anaolewa Jumamosi hii. Kijana anaitwa Feliksi, karani wa ghala, shingo nyembamba kama ya bata, anavaa tai hata siku ya kufagia. Nilimtafutia kasoro kwa niaba yako, kama inavyonipasa. Nilikaa naye siku nzima nikapata moja tu, nayo ni kwamba hawezi kusema uongo. Nikampelekea habari mjane wako, Mama Veronika, kwamba mtoto wa watu ana ugonjwa huo. Akaniambia nitoke mbele yake nisije nikamwambukiza dawa.

Tangu ulale, ndugu yangu, tumebadilishiwa nchi. Hatukuhama. Lupango yako, kiwanja na nyumba, ni ileile, ua uleule, kichuguu kilekile nyuma ya choo, lakini wametuambia sasa tuko nchi nyingine, na bendera yake ina misalaba mitatu ya shaba. Askari wenye kofia za buluu wanapita, askari wetu wanapita, kila mmoja anauliza unatoka wapi. Yule Mzungu wako alijaza magodoro juu ya gari lake akaenda Rodezia. Tanuri letu limefungwa kwa mnyororo. Siku ya kwanza nilipita pale nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Sijawahi kuujua ukiwa baridi.

Basi tuje kwenye utamu. Feliksi alitaka gato ya ghorofa tatu, ya kidukani, na tukaenda kwa Mgiriki wa barabara ya stesheni. Alitupokea vizuri. Akatutolea vipande vya kuonja, cha ndimu, cha kahawa, cha nazi. Nikaonja vyote, kisha nikasema mzee hawezi kuamua jambo zito la familia kwa haraka, nikaonja tena. Kesho yake nilirudi peke yangu kumwarifu kwamba bado tunafikiri. Siku ya tatu aliniona toka mbali akafunika sahani.

Tatizo lake ni kwamba alikuwa amebakiwa na rangi tatu tu za sukari, nyekundu, nyeupe na kijani, kwa kuwa maofisi yote yanaagiza gato zenye bendera. Feliksi akasema si mbaya. Lakini shangazi yake alikuwepo, mama mmoja wa Kambove, mkubwa pekee wa upande wao aliyeweza kufika, maana wazazi wa kijana wako kaskazini na njia imekatika. Huyo alisema yeye hakuzaliwa kula bendera. Watu wapike kikanda cha mizizi na karanga, wakaange maandazi ya bitumbula, wale, wacheze, mambo yaishe. Wakabishana hivyo njia nzima mpaka nyumbani. Mimi niliunga mkono pande zote mbili, ili nile pande zote mbili.

Tulipofika uani Sabina alichoka na mabishano yao. Hapo ndipo alinigeukia.

"Papa Kaspari, minye sitakata gato ya Mugiriki. Ile ya baba njo nataka. Kama haiko, basi hapana gato."

Kosa ni lako. Ulimbeba shingoni akiwa bado na meno ya maziwa, unga ukikudondoka nyweleni, ukamwambia siku atakayoolewa gato utaitoa mwenyewe. Mtoto haisahau ahadi. Wewe uliyeahidi ndiye uliyelala.

Tukaanza. Nilikichonga kile kichuguu nyuma ya choo kikawa tanuri, mlango wa bati, moshi unatokea juu kama kofia ya mupe. Ungekiona ungenionea wivu. Zabibu kavu nilizipata kwa Bwana Saleh, yule mfanyabiashara wa msikitini, aliyezifungua kwa heshima kama mtu anayefunua mtoto aliyelala, akasema, "Hizi ndizo za mwisho, mzee wangu. Nilikuwa nazitunza, sikujua namtunzia nani." Unga nikaufuata Kamatanda kwa jamaa yangu. Wakati wa kurudi askari wa kizuizi walinisimamisha.

"Muzee, mu ule mufuko muko nini?"

"Muko harusi," nikamjibu.

Alitia kidole, akalamba, akaona kweli ni unga. Akauliza harusi ni ya nani, nikamweleza habari yako yote, na ya gato, mpaka wenzake wakasogea. Wakaniruhusu nipite. Nadhani Jumamosi tutakuwa na wageni watatu wenye bunduki, na nimeshamwambia Mama Veronika aongeze ugali wa bukari.

Sabina alikuwa anaijua kazi yako kwa kutazama. Kopo tano za unga, mbili za sukari, moja ya siagi, mayai kumi na mawili. Alishika kikombe cha bati cha nyumbani, akidhani kopo lolote ni kopo, akapima, akakoroga, mimi nikawasha. Gato ikatoka kama soli ya kiatu cha askari, inanesa. Wote wakanitazama mimi. Moto mkali, wakasema. Siku nyingine akapima kwa bilauri kubwa ya maji, nikapunguza moto. Ikatoka tofali. Shangazi wa Kambove aliigonga kwa kijiko ikalia. Siagi ikabaki ya gato moja tu, na zabibu za Bwana Saleh zilikuwa zimeanza kuonyesha chini ya mfuko.

Hapo Sabina akakaa juu ya kinu kilicholala, mikono ina unga mpaka viwiko. Alisema taratibu, bila kulia, na ndiyo maana iliniumiza.

"Labda baba hapendi Feliksi. Njo maana anaharibu."

Donati, nani atambishia mtu kuhusu baba yake aliyekufa? Feliksi alisimama pale, akafungua tai yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikamwona shingo yote. Akasema kama baba amekataa, yeye hawezi kumlazimisha marehemu, atangoja mpaka akubali. Mtu asiyejua uongo anaweza kungoja mpaka mvi. Harusi ilikuwa inakufa mbele yangu, na mimi nilikuwa nataka kuvuta tumbaku ili nifikiri.

Nikatoa kopo langu la tumbaku. Nikachota. Na chini, mahali tumbaku ilipopungua, nikaona ule mstari uliokwaruza wewe kwa msumari ndani ya bati. Ule wa kukuonyesha unga uishie wapi; kumbe mayai kumi na mawili yalikuwa ya kopo hilo, si ya kikombe wala bilauri.

Unajua kopo lile lilivyofika kwangu. Feliksi, mtoto wa mjini, hakujua, ikabidi baadaye Mama Veronika amweleze kwa nini mzee huyu anamtukana marehemu kila siku na hakuna anayemfukuza. Akamwambia sisi wa ukoo wa Mvua na ninyi wa ukoo wa Udongo ni banungwe, watani wa tangu mababu. Tunatukanana tukiwa hai, na tukifa tunazikana. Mimi ndimi niliyechimba kaburi lako, na lilikuwa gumu kama wewe. Na kwenye kilio mtani hunyakua kitu kimoja cha marehemu akakimbia nacho, watu wacheke kidogo katikati ya machozi. Siku ya kuondoa matanga familia hukikomboa kwa kuku. Mimi nilinyakua kopo rafuni. Nilidhani ni kopo tu. Ningejua ningechukua viatu.

Ila matanga yako hayakuondolewa. Mwezi ule ulikuwa wa risasi, watu hawakusanyiki. Halafu Mama Veronika alinitumia kuku, nikamrudisha, nikasema mwembamba. Akatuma mwingine, nikasema huyu ana macho ya kijeuri. Wote wakacheka, Kaspari na mambo yake. Hawakujua. Nitakuambia wewe, kwa sababu huwezi kumwambia mtu. Kopo likikombolewa, kilio kimekwisha. Mtu anavua nguo nyeusi, anaoga, anarudi kwenye kazi zake. Na mimi sikuwa na kazi ya kurudia. Kazi yangu ilikuwa kutia kuni huku nakutukana.

Kwa hiyo pale uani, mtoto wako akiwa juu ya kinu, mimi nilifunga kopo nikalirudisha mfukoni. Nikaenda nyumbani. Ndiyo, nilifanya hivyo. Siku nzima ya pili nilikaa nalo juu ya meza, mimi naliangalia, lenyewe linaniangalia. Nikalitukana. Halikujibu hata kidogo. Hapo ndipo nilijua kwamba siyo wewe, ni bati tu, na wewe kama umebaki mahali popote, umebaki kwa yule msichana mwenye unga mpaka viwiko.

Nilimwaga tumbaku kwenye karatasi, nikalipeleka. Mama Veronika alilipokea, akalinusa, akanitazama tangu miguuni.

"Weye muzee, kopo ya bwana yangu njo unatiamo tumbako?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza tangu lini najua kwamba ndicho kipimo. Hapo nilijaribu kuzungumzia hali ya hewa. Sabina alikuwa ameshalichukua, kidole chake kinapita juu ya ule mstari, kinakwenda na kurudi. Alisema tu kwamba baba hakukataa. Alisema mara mbili, ya kwanza kwetu, ya pili kwa Feliksi.

Mama Veronika aliingia nyuma ya nyumba akatoka na kuku. Mwembamba kweli safari hii, Donati, si utani, kuku wa wakati wa vita. Nikampokea kwa mikono miwili. Yeye akavua kile kitambaa cheusi kichwani, akakikunja, akakiweka juu ya ua. Hakukuwa na watu wengi wala ngoma, shangazi wa Kambove tu alipiga kigelegele kimoja kifupi. Mimi nikaenda upande wa pili wa kichuguu kukagua moto. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

Jana tukapika na siagi ile ya mwisho. Kopo lilioshwa kwa majivu, likaoshwa kwa ndimu, likaoshwa tena. Sabina alipima mpaka mstarini, mayai yaleyale kumi na mawili, na mimi nikatia kuni za muombo kavu, chache, kama ulivyokuwa unanifokea. Saa ilipofika nikaondoa bati la mlango. Imeinuka, mwanamume wewe. Ina mgongo wa dhahabu. Akakata kipande kidogo pembeni akampa Feliksi kwanza. Feliksi akatafuna, tukamngoja, na kwa ule ugonjwa wake akasema ni tamu sana, lakini ina harufu kama ya tumbaku.

Nikataka kuingia ndani ya kichuguu. Lakini Sabina alichukua naye kipande, akaonja, akaanza kucheka, kicheko chako kile kinachotokea puani.

"Njo yenyewe," akasema. "Yote ya baba ilikuwa inanuka hivi. Alikuwa anavuta na weye pa mulango ya fuo, pa tanuri ya Muzungu."

Basi. Gato imepatikana, imefunikwa kwa kitambaa safi, na Sabina ameketi mbele yake na fagio, kwa sababu ananijua. Mgiriki atatuletea maua ya sukari meupe tu, bila bendera. Bitumbula na kikanda vitakuwepo, shangazi ameshinda nusu yake. Bwana Saleh amealikwa na amesema atakuja na wake zake na sahani ya tende.

Nakuaga sasa. Lala kwa raha, udongo ndani ya udongo, si uko nyumbani. Nakuahidi Jumamosi nitasimama pale ulipopaswa kusimama wewe, nitamshika mtoto mkono mpaka mbele ya mupe, na sitamtania mtu yeyote mpaka iitikiwe amina. Baada ya amina siahidi kitu.

Ni mimi mtani wako, wa Mvua,
Kaspari

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nikakumbuka. Unakumbuka asubuhi ile ulipolala ukaunguza mikate yote ya hoteli, na mimi nikamwambia Mzungu kwamba ni moto wangu uliruka? Nilifokewa mbele ya watu mpaka masikio yakasimama, na wewe ukaninong'oneza kwamba siku moja utanisemea na mimi. Hujanisemea mpaka leo. Mama Veronika ananuna bado kwa ile siku moja niliyokaa na kopo. Mpitie kwenye usingizi wake wa mchana, bisha hodi kwanza asishtuke, umwambie nililirudisha siku ileile nilipouona ule mstari.