Anayemdai Marehemu Amwone Rukia

Jumatatu, 7 Julai

Kreti za mikate ya Kimilili zimetoka saa mbili badala ya saa moja. Hamira ilikuwa imezeeka, unga ukagoma kuumuka. Nimekaripia watu ambao hawakuwa na kosa.

Saa nne akaja mama wa mayai. Anamdai baba trei thelathini. Ni wa tisa tangu mazishi. Wote huanza vile vile: pole kwa msiba, kisha mkono unaingia kwenye mkoba na karatasi inatoka.

Hii yote ni kazi ya Baba Mdogo Hamisi. Siku ya mazishi, mbele ya jeneza, wanaume wamejipanga, alitangaza kama ilivyo desturi yetu: anayemdai marehemu ajitokeze. Sawa. Maiti asizikwe na madeni ya watu shingoni. Lakini akaongeza, "Amwone Rukia." Hakuniuliza. Mimi nilikuwa nyumbani na wanawake, sikusikia hata neno. Kesho yake nikapewa habari na muuza kuni, bili mkononi.

Na kweli, nani mwingine? Mimi ni mtoto pekee. Miaka arobaini na moja, talaka moja, miaka kumi na tisa mbele ya tanuri la baba.

Sauti ya mama wa mayai ilipanda mpaka ikavuka barabara. Nikamwona Mama anachungulia dirishani kule nyumbani. Leo ni siku yake ya thelathini na sita ya eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje ya lango. Nikampa mama wa mayai nusu ya pesa zake ili anyamaze. Anayepiga kelele zaidi ndiye ninayemlipa kwanza. Huo ndio utaratibu wangu.


Alhamisi, 10 Julai

Barua ya ofisi ya kodi, kwa jina la baba. Ritani za miaka saba, zile taarifa za mapato za kila mwaka, hazikupelekwa. Wamekadiria wenyewe, wakaongeza faini, na juu ya faini riba.

Baba alikuwa akisema mkate hauna kodi. Alimwambia kila mtu, kwa fahari, utadhani yeye ndiye aliyepitisha sheria hiyo bungeni. Nusu yake ni kweli. Mkate wenyewe hauongezewi kodi dukani. Lakini faida ya mwoka mikate ina kodi, na ritani hupelekwa hata kama huna cha kulipa. Nimelijua hilo leo. Miaka kumi na tisa nilikuwa namsikiliza na kuitikia kwa kichwa.

Nimemkasirikia. Kumkasirikia mtu aliye kaburini ni kazi bure, lakini nimeifanya mchana kutwa.


Jumanne, 15 Julai

Bungoma, kwa Bwana Wafula. Ndiye wakala aliyekuwa akimuuzia baba unga wa ngano. Anadai zaidi ya wengine wote wakijumlishwa.

Alinipa kiti, akaniagizia chai. Kisha akafungua droo na kutoa hati ya nyumba yetu, imefungwa kwenye nailoni. Nyumba anamokaa Mama. Baba alimpa mkononi miaka miwili iliyopita ili apewe unga zaidi. Hawakuandikiana chochote. Hakutuambia chochote.

Anataka pesa zake kufika mwisho wa Agosti. Nikamweleza eda ni nini, na kwamba inaisha Oktoba. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini unga yangu haikai eda. Agosti ikiisha bila kitu, harafu naleta dalali."

Nimerudi nyumbani Kitale. Mama sijamwambia. Nimeamua jambo moja tu: eda ikiisha, Mama atatoka kwenye nyumba ile kwa miguu yake, na jioni atarudi kulala mle mle. Mengine yote yatapangwa kufuata hilo.


Alhamisi, 24 Julai

Nimeenda kwa Chebet. Mhasibu mwenye leseni ya kusimamia mambo ya watu waliofilisika, ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Analima vitunguu huko kwao mlimani, na viatu vyake vina udongo hata ofisini. Niliposikia neno "kufilisika" nilitaka kuondoka. Sisi huwa tunasema mambo yamekaza.

Aliuliza nimelipa nani tangu msiba. Nikamtajia watatu. Kwa nini hao? Kwa sababu walipiga kelele. Akaweka kalamu chini.

Nimepata kibano ambacho sijakipata tangu shule ya msingi. Mali isipotosha, ukimpa mmoja zaidi umewanyang'anya wengine. Kuanzia leo simlipi mtu deni la zamani hata shilingi, wakiwemo watu wa kodi, mpaka wote wawe kwenye orodha moja. Unga na hamira ninunue kwa pesa taslimu.

Jambo la pili: deni la baba ni la mali aliyoiacha baba. Si langu. Naweza kwenda zangu leo nikatafute kazi, na hakuna mahakama itakayonifuata. Nataka kusema ukweli hapa, maana hakuna anayesoma: nilitamani. Nilijiona kabisa nimekaa kwenye duka la mtu mwingine, napokea mshahara, sidaiwi.

Jambo la tatu ndilo lililonisimamisha. Hati kwenye droo ya mtu si rehani. Rehani huandikishwa. Wafula ana deni la kweli, lakini hana nyumba. Anayo karatasi.

Nimerudi nikaoka.


Ijumaa, 1 Agosti

Baba Mdogo Hamisi alikuja baada ya swala. Anashauri nyumba iuzwe haraka, Wafula alipwe, na kinachobaki kigawanywe. Kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume, yeye ana fungu lake kwenye mirathi. Amelikumbuka vizuri sana.

Nikamkumbusha na mimi: mrithi hagusi kitu mpaka wadai wamalizwe. Si wewe uliyewaita, Baba Mdogo? Mbele ya jeneza?

Hakumaliza chai yake. Nilifurahi, na sioni aibu.


Alhamisi, 14 Agosti

Kadhi amenipa barua ya usimamizi wa mirathi. Sasa naweza kusaini.

Wiki mbili tumetafuta risiti za baba. Alizitia kwenye magunia ya unga yaliyokwisha, gunia moja kila mwaka, amelifunga kwa kamba ya katani. Chebet alicheka mpaka akakaa chini. Lakini zilikuwa zote. Mzee hakuwa mwizi, alikuwa mbishi tu.

Ritani saba zimepelekwa. Kodi yenyewe, ikihesabiwa kwa risiti badala ya kukisia, haifiki hata robo ya waliyoandika. Tumeomba faini ziondolewe. Afisa hakuahidi, lakini alikubali kodi iliyobaki ilipwe kwa awamu.

Kwa mara ya kwanza tangu Juni nimelala mchana. Saa nzima.


Jumatano, 27 Agosti

Wamekuja.

Wanaume wawili, utepe wa kupimia na kopo la rangi. Wafula hakungoja hata mwezi uishe. Nilikuwa napanga kreti za Sirisia, nikawaona ng'ambo wameinama langoni kwetu. Mpaka navuka barabara, namba kubwa nyekundu ya mnada ilikuwa imeshaandikwa kwenye lango.

Mama alikuwa dirishani, anagonga kioo kwa mwiko. Hawezi kutoka. Alikuwa anagonga tu. Sitasahau ile sauti.

Nikasimama katikati ya lango na aproni yangu, unga mpaka kwenye viwiko. Nikawaomba amri ya mahakama. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Si tumetumwa tu, mama." Nikampigia Chebet, nikaweka sauti ya juu. Aliwaambia maneno machache, kwa upole sana. Walikunja utepe wao wakaenda.

Baadaye ilibidi nimweleze Mama. Hati, droo, yote. Hakulia. Aliuliza, "Baba yako alimpa lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, kitu chake mwenyewe.

Mimi ndiye niliyelia, stoo, kwenye magunia. Kisha nikaenda kufunga hesabu ya siku.


Jumatano, 3 Septemba

Mkutano wa wadai, ndani ya bekari, baina ya tanuri na meza ya kukandia. Watu kumi na saba. Niliwapa chai na mkate, kisha nikajuta kwa kuwa walionekana kama wamekuja hitimani.

Chebet alisoma orodha yote kwa sauti. Kila mtu akasikia anachodai mwenzake. Muuza kuni alishangaa kwamba mimi mwenyewe nimo kati ya hao kumi na saba, mishahara yangu ya miezi kumi. Nimejiweka wa mwisho.

Pendekezo: pikapu ya pili iuzwe, shamba dogo la baba huko Malakisi liuzwe, pesa zigawanywe kwa uwiano mmoja. Kinachobaki kilipwe kila tarehe kumi kutokana na mikate, miezi thelathini. Nyumba isiguswe.

Kisha nikasimama nikakiri kwamba nimeshawalipa watatu kabla ya wengine. Kelele zilizopigwa hapo! Muuza kuni aliniita mjanja. Nikaacha waseme. Mwishowe mama wa mayai akainuka. "Mimi nilipewa nusu. Kateni kwenye fungu langu, tusiharibiane siku." Wale wawili wakabaki wanatazama sakafu, nao wakakubali.

Mikono kumi na sita ikapanda. Wa Wafula haukupanda. Kura hupimwa kwa ukubwa wa deni, na bila yeye hesabu haipiti. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Zimebaki siku thelathini na tano za eda. Nimechoka na siachi.


Alhamisi, 11 Septemba

Bungoma tena, kwa Wafula. Nilienda peke yangu, sikutaka Chebet anisemee.

Niliweka karatasi mbili mezani kwake. Ya kwanza: akienda mahakamani kulazimisha kila kitu kiuzwe, na watu wa kodi na wafanyakazi wakachukua chao, anapata nini. Ya pili: bekari ikiishi, anapata nini, na nani ataendelea kununua unga wake kwa pesa taslimu kila Jumatatu. Alisoma zote mbili mara mbili. Ana miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi.

Hakuuliza habari za hesabu. Aliuliza nani atasaini.

Mimi, nikasema. Kwa jina langu.

Nilijua ninachosema. Chebet alinionya waziwazi: nikisaini vile, deni lake linatoka kwenye mali ya marehemu na kuwa langu pia. Juni, Baba Mdogo alinitwisha bila kuniuliza. Leo nimejitwisha mwenyewe. Ni mzigo ule ule na bado nimeuona tofauti kabisa.

Alisaini. Akafungua droo, akanipa hati na nailoni yake. "Ukikosa mwezi moja, nakuja mwenyewe, si ati nitume watu."

Nikamwambia karibu, lakini aje na petroli ya kufutia ile rangi. Alicheka kidogo sana.


Jumatatu, 22 Septemba

Shamba limeuzwa. Pikapu imeuzwa. Chebet anataka kufunga orodha. Akaniuliza kama nina hakika hakuna mdai mwingine.

Nikasema hakuna, si ilitangazwa mbele ya watu wote? Neno lilipotoka tu mdomoni nikalisikia. Watu wote gani? Ilitangazwa kwa wanaume. Wanawake wote tulikuwa nyumbani. Mama wa mayai aliambiwa na mumewe.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa anachambua mchele. Nikauliza, kama utani, kama naye anamdai baba.

"Ndiyo," akasema, bila kuinua kichwa.

Mahari. Siku ya nikaha baba aliahidi cherehani, nzima, mpya. Miaka arobaini na mitatu. Kwanza bekari ilikuwa inaanza, kisha nilizaliwa, kisha tanuri likapasuka, kisha akaona aibu kuitaja. Ile siku ya rangi langoni, ndicho alichokuwa anakihesabu kwa vidole.

Nikauliza kwa nini hakusema. "Nani aliniuliza?"

Nilidhani atasema amemsamehe. Wanawake wengi husamehe, tena kwa sauti, mbele ya maiti. Nikangoja. Akaendelea na mchele wake. Kisha akasema anampenda baba, na anamwombea kila swala, na nimwandike yeye mwenyewe kwenye orodha. Nikamwambia nitamnunulia kesho. Akakataa. Nisimpitishe mbele ya watu. Alipwe kama wenzake.

Nimeandika: mdai wa kumi na nane.


Ijumaa, 10 Oktoba

Eda iliisha juzi. Jana Mama alioga, akavaa leso ya rangi, akakaa sebuleni tu. Alisema hana haraka.

Leo ni siku ya kwanza ya malipo. Niliweka benchi nje ya bekari na daftari mezani. Mama wa mayai, muuza kuni, wengine. Bwana Wafula alikuja mwenyewe kutoka Bungoma, ingawa ningeweza kumtumia kwa simu. Hakuleta petroli.

Saa tano lango la ng'ambo likafunguka. Mama alisimama kando yake, akaitazama ile namba nyekundu, akaipitisha kidole. Akatazama kulia na kushoto, akavuka. Nikainuka kumpisha. Akanipita, akakaa mwisho wa benchi, nyuma ya Wafula, akangoja zamu yake.

Zamu ilipofika nilimpa fungu lake. Halitoshi hata magurudumu ya cherehani. Alizihesabu noti taratibu, akazifunga kwenye pindo la leso. Akatia sahihi chini ya jina la Wafula, akauliza awamu ya pili ni lini.