Niliandika Kwamba Mama Odile Hajui Kushika Simu

Mama Mathilde mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimeandika sentensi moja fupi ambayo sasa inaninyima raha, na mtu atakayeumizwa nayo anajiandaa kuja Kasongo akiwa na furaha tele, na aliyemwalika ni mimi mwenyewe.

Naitwa Chimène, nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa hapa hapa, na tangu mwaka jana nafanya kazi na Salomon na Junior kutengeneza upya programu ya simu ya kuwaongoza watalii, ile inayomwonyesha mgeni njia ya kutoka Kasongo mpaka Nyangwe na kuvuka Lualaba, wapi alale, wapi ale wali na samaki, nani wa kumbeba kwa pikipiki na nani wa kumvusha kwa mtumbwi. Ile ya kwanza ilitengenezwa na watu wa mbali na hakuna aliyeiweza, ukibonyeza chakula inakuletea nyumba ya kulala, ukibonyeza nyumba ya kulala inazimika, kwa hiyo tumeanza moja. Salomon ndiye mkubwa wetu, Junior ndiye anayeiandika programu yenyewe, na kazi yangu mimi ni kwenda kwa watu watakaoitumia, kuwapa simu mkononi, kuwaomba wafanye jambo fulani, halafu kutazama, kunyamaza na kuandika nilichokiona. Kutazama na kunyamaza, Mama, basi, na hilo dogo ndilo lililonishinda.

Mwezi wa tatu nilifika Nyangwe kuwajaribisha watu wa mitumbwi, na mmoja wao ni Mama Odile, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, kicheko cha kusikika ng'ambo, anavusha watu na magunia yao tangu kabla sijazaliwa, na jina lake lilikuwamo hata katika ile programu ya kwanza pamoja na wenzake wanne. Tulikaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake, tukiangalia kule maji yanakotoka, nikampa simu yenye ramani nikamwambia anionyeshe atamchukulia wapi mgeni na atamfikisha wapi. Akaitazama kitambo, akaniuliza, “Kindu iko wapi hapa ndani?” Nikamwonyesha, Kindu ni huku juu. Akaigeuza simu yote, juu chini chini juu, akaishika hivyo. Nikaichukua kwa heshima nikaigeuza tena ilivyokuwa, naye akaipindua tena. “Mama, maandishi yamepinduka,” nikamwambia. Akanicheka. “Ni maandishi yako njo imepinduka, mwanangu, mutoni iko muzuri. Kindu tunateremukaka, hatupandaka.”

Nilikuwa nimechoka, Mama Mathilde, nilikuwa na watu wengine kumi na mmoja wa kuwajaribisha siku ile na pikipiki ilikuwa inanisubiri, basi nikampiga picha akiwa ameishika simu kichwa chini, kitambaa chake cha manjano kichwani, meno yote nje, na katika ripoti nikaandika: “Mhusika hajui kushika simu.” Junior alipoisoma alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka naye.

Salomon hakucheka, yeye alifikiri, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alisema kama huyo mwenye uzoefu kuliko wote hawezi hata kuishika, tutamwambia nini mgeni anayempigia, afadhali sehemu ya mitumbwi iondolewe kabisa, ibaki barabara na pikipiki peke yake, na hapo kwenye mto tuweke neno “kivuko” na mshale. Majina matano yakatoka hivyo, mchana mmoja, kwa sentensi yangu.

Sasa wiki mbili zilizopita nilirudi Nyangwe kupiga picha za hicho kivuko, na aliyenivusha ni Mama Odile, hajui lolote, amefurahi kuniona kana kwamba mimi ni mtoto wa dada yake. Wewe unajua hawavuki moja kwa moja, kwanza wanapanda na ukingo kinyume cha maji, halafu ndipo wanauachia mtumbwi uchukuliwe mpaka ng'ambo. Tulipokuwa tunapanda nikafungua ramani yangu ili niangalie kama inatufuata, na ilikuwa inatufuata, lakini sisi tunaenda mbele na ile nukta ya buluu inarudi chini kwenye kioo, na Nyangwe iko mkono wangu wa kushoto, naiona kwa macho, nasikia hata kinu kinasaga, na simu inaniambia Nyangwe iko kulia. Nikajikuta nakunja shingo kama kuku anayetazama mwewe. Halafu mikono yangu yenyewe, sikuiamuru, ikaigeuza simu juu chini.

Mama Mathilde, sijui kama nitaweza kukueleza. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nyangwe ikaja kushoto, ng'ambo ikaja kulia, na mto ukawa unashuka kwenye kioo kunijia miguuni, vile vile ulivyokuwa unashuka mbele ya macho yangu, mpana, mzito, rangi ya chai, ukitoka Kongolo na kwenda zake Kindu. Nimezaliwa karibu na mto huu na sikuwahi kuuona. Machozi yakanitoka, na nilikuwa naogopa na kufurahi kwa pamoja.

Na hayakuishia hapo. Alipouachia mtumbwi tukawa tunachukuliwa, nikaona nukta yetu imepanda juu ya kisiwa cha mchanga, simu inasema tuko nchi kavu, nami natumbukiza mkono nje naloa mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia kuna mchanga hapa. “Ulihama, mwanangu. Mwaka iliyopita ulikuwa hapa, leo uko kule,” akaelekeza kasia mahali ambapo mimi niliona maji tu. Nikamuuliza nani alimwambia. “Nani aniambie? Nilikwama pale siku muzima na magunia munane ya muchele!” Halafu akanifundisha kuona, akasema niangalie pale maji inakunja uso, pale chini iko mchanga, na pale uso umelala, pale ni kina, na nilipoangalia nikaona, Mama, kweli nikaona, mto mzima umejaa njia, na mwanamke huyu anazijua zote na anazijua upya kila zinapobadilika. Nilinyamaza mpaka tukafika, na mara hii si kwa sababu ya kazi.

Tulipofika ng'ambo akaniuliza, “Na picha yangu, itatoka lini? Niliambia watu yote.” Nikamwambia itatoka Ijumaa, kwenye ukumbi, siku ya kuionyesha programu kwa wakubwa, na yeye aje aione. Akanishika mikono yote miwili.

Na picha itatoka kweli, hilo ndilo linaloniua. Salomon ameiweka kwenye maonyesho yake, ukutani, kubwa, Mama Odile na simu kichwa chini, na chini yake sentensi yangu, kuwaonyesha wakubwa kwa nini tuliondoa mitumbwi. Watu watacheka. Yeye atakuwa amekaa pale amejifunga kikwembe kipya, kitenge cha sikukuu.

Nikimwambia Salomon kwamba ripoti yangu ilikuwa ya uongo, atauliza zile nyingine kumi na moja zikoje, na ameshaniahidi kuongoza kazi ya kuingiza njia za Kabambare kwenye programu mwezi ujao, nami nimeitamani kazi ile tangu mwanzo. Nimefikiri nimpigie Mama Odile nimwambie kikao kimeahirishwa, abaki nyumbani, ili asione. Nifanye nini?

Chimène, Kasongo

---

Chimène binti yangu,

Jibu hili nakutumia leo Jumanne, na redioni nitalisoma Jumamosi, mambo yakiwa yameshakwisha. Kwa hiyo usihangaike na majirani watakaosikia, hangaika na siku tatu ulizo nazo.

Nianze na lile la mwisho, maana limenipandisha hasira. Umpigie Mama Odile umdanganye abaki nyumbani? Umeshamwandikia uongo, ukamwambia nusu ya ukweli akiwa amekushika mikono, sasa unatafuta uongo wa tatu na unauita huruma. Huruma gani hiyo? Picha itaonyeshwa, watu watacheka, na tofauti itakuwa moja tu, kwamba atakuja kusimuliwa na wafanyabiashara kwenye mtumbwi wake mwenyewe. Hapana. Mama Odile anakuja Ijumaa.

Na nikuambie ulipokosea, kwa sababu wewe unadhani kosa ni sentensi. Kuchoka ni kibinadamu, kila mtu ameandika kitu cha kijinga akiwa na haraka ya pikipiki. Kosa ni pale alipokueleza. Alikueleza, Chimène! Kwa maneno mepesi, Kindu tunateremka, hatupandi. Wewe ulikuwa na kazi ya kutazama na kunyamaza, na mikono yako ikaichukua simu ikamgeuzia. Siku ile kulikuwa na mtu mmoja aliyeshindwa mtihani kwenye ule mtumbwi, na hakuwa na kitambaa cha manjano.

Haya, nimeshakugombeza, sasa futa uso. Mtu asiyekuwa na moyo asingelia kwa sababu ya ramani.

Salomon unamwogopa bure. Kwa unavyomweleza ni mtu anayefikiri, hakucheka mlipocheka nyinyi. Amefikiri vibaya kwa kuwa ulimpa kitu kibaya cha kufikiria. Usimwendee na maelezo, atakubishia kwamba dunia nzima ramani zina kaskazini juu na wageni wamezoea hivyo. Mwambie tu kwamba umeandika jambo lisilo kweli na unataka aone kwa macho yake, halafu kesho asubuhi mpande pikipiki muende Nyangwe. Mweke mbele kwenye mtumbwi, mpe simu aishike apendavyo, na mkiwa mnapanda na ukingo muulize swali moja: Nyangwe iko mkono gani? Halafu unyamaze. Mara hii unyamaze kweli, hata akihangaika, hata akikunja shingo kama kuku wako yule. Usimsaidie.

Lakini kabla Salomon hajapanda mtumbwini, wewe utamvuta Mama Odile pembeni, utamwambia ulichoandika, neno kwa neno, na kwamba ulicheka, na kwamba majina yao matano yalitoka kwa sababu yako. Usimwambie ulichoka. Atakasirika, na ana haki, kaa hapo hapo akukasirikie. Akikataa kuwavusha, basi mtarudi Kasongo bila kuvuka, na Salomon utamwambia hivyo hivyo. Ila mimi nawajua wanawake wa mto ule, nadhani atawavusha, na atapanda kinyume cha maji mbali kuliko kawaida ili bwana mkubwa aone vizuri.

Kuhusu Kabambare, labda utaipata, labda hutaipata. Mimi nisingekupa kama ungekuja kwangu ukiwa na ile sentensi mfukoni. Huko Kabambare hakuna mtumbwi wa kukuokoa, kuna watu wa pikipiki na watu wa miguu watakaoishika simu yako kwa namna usiyoitarajia, na kila mmoja atakuwa na sababu yake. Zile ripoti nyingine kumi na moja uzisome upya wewe mwenyewe kabla Salomon hajakuuliza. Sitashangaa ukikuta Mama Odile mwingine humo ndani.

Mimi sijui kutengeneza programu, nikibonyeza vibaya namwita fundi wa redio. Lakini kama Junior ana akili ya kucheka ana akili ya kugeuza ramani na kuyaacha maandishi wima. Ya barabara ibaki ilivyo. Ya mto iwe na maji yanayoshuka, na kile kisiwa cha mchanga mkifute, kwa sababu kesho kitakuwa kwingine, pawekwe majina matano ya watu wanaojua kiko wapi leo, na sauti zao, ili mgeni azisikie kabla ya kupiga.

Sasa nikuambie jambo langu. Barua yako niliisoma mara mbili. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikatoka nje ya studio na simu yangu. Mama yangu mzazi ni mtu wa ng'ambo ile, nilianza kuvuka nikiwa mgongoni mwake, na miaka hii yote wajukuu wananionyesha kijiji chetu kwenye simu, nami naitikia ndiyo, ndiyo, nimekiona, kumbe sijakiona, naona mistari. Jana nikaelekeza uso upande wa Kongolo, nikaigeuza simu juu chini. Kijiji cha mama kikaja mkono wa kulia. Pale pale. Nilisimama uani mpaka fundi akatoka kuuliza kama naumwa. Nina miaka sitini na moja, na aliyenionyesha kwetu ni mtu ambaye mliandika hajui kushika simu.

Kwa hiyo ile picha msiiondoe ukutani. Ibaki, kubwa vile vile, na kitambaa chake na meno yake. Ondoeni maneno ya chini, na wewe Chimène usimame mbele ya wakubwa useme ni ya nani na kwa nini ulikosea, kwa mdomo wako, Mama Odile akiwa anakusikia. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Ukimaliza, mpe simu mkononi aeleze mwenyewe, na mtu yeyote asimgeuzie.

Mama Mathilde