Mifuko ya mchanga ya Kabeya

Siku ya kwanza ya juma, 8 septemba

Kabichi nimemwagilia zote, vitunguu nusu. Basi. Arozwari, kopo langu la kumwagilia, haizami tena ndani ya kamto ketu, najaza kwa kikombe, kikombe, kikombe, mpaka kiuno kinalia. Mvua ilikatika mapema mwaka huu, kila mtu anaimba hivyo. Sawa. Lakini ukame hauchagui bustani. Kule juu kwa Kabeya lengalenga, mchicha wake, ni kijani mpaka inaniudhi macho.

Mume wangu, Baba Ilunga, amerudi na panya wa pori, amewachomeka kwenye kijiti. Wanene, weusi. Miaka yote analeta wale wekundu wembamba. Nimewaunguza manyoya, nimewakausha juu ya makaa, tumekula na bukari, ugali wetu. Tamu! Nimekula mpaka vichwa.

Siku ya ine, 11 septemba

Nimepanda kwa Kabeya kuona kwa macho yangu. Ameziba kamto kwa mifuko ya mchanga, ukingo mzima, na chini yake kabomba kadogo. Nyuma ya mifuko maji yamejaa, kidimbwi kabisa. Na motopompe iko kando, imefunikwa turubai. Imefunikwa kwa nini kama si kuficha?

Amenipokea kwa kicheko chake. Ni yeye alimshika Ilunga wangu kwa ubatizo, kwa hiyo ananiita mama wa mtoto wake.

"Mama wa mutoto wangu, karibu! Bomba minafungula asubui, muchana minafunga, maji ijikusanye. Bila vile itaishia ku mchanga, hata kwako haifike."

Wapi! Tangu lini mtu anakufungia maji kwa faida yako? Nimesema asante, nimeshuka. Sikunywa hata maji aliyonipa.

Siku ya posho, 13 septemba

Kabichi za upande wa njia zimelala. Zinafunga vichwa sasa, ni sasa zinataka maji, si kesho. Zikifa hizi, mwaka wangu umekufa. Sina kazi nyingine, na bustani nyingine sina.

Baba Ilunga anasema wazi: "Ule Kabeya, unamujua kweli? Watu ya Kasai banajua kujitengenezea." Nimemwambia Kabeya amezaliwa huku huku, Kamalondo, si Kasai. Akacheka. "Angalia bomba, hapana kuangalia mudomo." Ameyasema jana, ameyasema leo tena. Yeye ambaye habari za bustani hazimhusu hata siku moja.

Lakini anasema kweli. Nimehesabu mambo. Kabeya anacheka sana siku hizi. Mke wake hanisalimii kwa sauti kama zamani. Turubai ile.

Siku ya Mungu, 14 septemba

Nimefanya.

Watu wa kwa Kabeya wote walikuwa kwenye ibada, na ibada yao haiishi mapema. Nimepanda na jembe. Nimevuta mifuko mmoja mmoja, mingine nimepasua. Maji yametoka kwa kishindo, nikapiga kelele ya furaha peke yangu kama mwenda wazimu. Mifuko miwili mizima nimeimwaga mchanga, nimekuja nayo nyumbani. Mifuko mizuri, ya nguvu.

Nimemwagilia kila kitu. Mpaka njia nimeimwagilia! Ndege ya uwanja wa Luano imepita juu, nikaipungia mkono. Najisikia vizuri. Hapana, sijisikii vibaya hata kidogo.

Siku ya kwanza, 15 septemba

Kamto kameleta matope.

Siku ya pili, 16 septemba

Hakuna kitu. Mawe tu, na vyura wawili wanahema.

Kabeya ameshuka. Hakucheka. "Mama wa mutoto wangu, ni nani alibomoa? Ile ndio ilikuwa maji yetu ya mwisho. Yangu na yenu. Mutoni juu haitoke tena kitu."

Nimesema sijui. Nimesema labda watoto. Ameangalia kabichi zangu, zote zimesimama wima, zimeshiba. Ameangalia udongo, umelowa mpaka njiani. Kisha amepanda kwake bila kuaga.

Anadanganya. Lazima anadanganya. Ameziba mahali pengine, juu zaidi. Kesho nakwenda mpaka chemchemi.

Siku ya tatu, 17 septemba

Nimefika. Sijui niandike nini kwanza.

Mushitu umeungua. Ule msitu mzito wa penye chemchemi, uliokuwa giza hata mchana, ambao tangu wazee hakuna anayewasha moto karibu yake. Miti mikubwa imeanguka mizizi juu. Hakuna bomba la Kabeya, hakuna mfuko, hakuna hila. Kuna majivu. Nimekanyaga, mguu umezama mpaka kwenye kifundo, na chini ni moto. Udongo wenyewe unaungua! Ule mweusi wa majani ya miaka na miaka, uliokuwa unakunywa mvua na kuitoa polepole mpaka oktoba. Moshi unatoka ardhini pale maji yalipokuwa yanatoka. Kandambili imeyeyuka upande mmoja.

Na kila mahali mashimo. Yamechimbwa kwa jembe, mapya, kwa kufuata panya. Karibu na shimo moja panya amekufa kwa moshi, hakuokotwa. Nimemgeuza na kijiti.

Mnene. Mweusi.

Nimekaa chini juu ya jiwe. Yo, mama.

Siku ya ine, 18 septemba

Nimemuuliza. Sikupiga kelele. Nimemwekea sahani mbele na panya waliobaki, nikasema: "Hawa ni wa mushitu."

Ameacha kula. Kisha amesema pori lote limekwisha kuungua tangu juni, kila mtu anachoma nyasi zikiwa bado na umajimaji, moto unapita mwepesi, panya wanakwisha. Mwezi wa nane kulibaki kijani pale tu. Alifikiri atawasha kidogo, pembeni. "Moto ilinishinda," amesema. "Ilikuwa kavu sana."

Na Kabeya? Kwa nini ulinionyesha Kabeya? Ameondoa sahani, ametoka nje.

Nina hasira naye. Lakini jembe la siku ya Mungu lilikuwa mkononi mwangu mimi. Na nyama nilikula, nikasifu.

Siku ya posho, 27 septemba

Kabichi zimekufa. Zangu na za Kabeya.

Baba Ilunga na wanaume wengine wamechimba mtaro kuzunguka udongo unaoungua, moto usishuke zaidi. Wao hawajui ni nani aliwasha. Anachimba kuliko wote. Anarudi mweusi, anakaa nje.

Siku ya posho, 18 oktoba

Mvua ya kwanza, fupi. Moshi wa juu umepungua. Wanasema kamto katarudi, lakini kila mwaka katakauka mapema, mpaka miti iote, na sisi hatutaiona.

Kabeya anajenga ukingo upya. Nimeijaza mchanga ile mifuko miwili, nimempelekea, mmoja kichwani, kisha nikarudia mwingine. Ameuangalia mshono. Mke wake hushona kwa uzi wa bluu, hakuna mwingine anayeshona hivyo.

"Tia hapa," amesema.

Nimetia. Amesema, "Aksanti, mama." Mama tu, kama unavyomwambia mwanamke usiyemjua sokoni.

Siku ya Mungu, 19 oktoba

Tumekula sombe, majani ya muhogo tu. Nilipokwenda bustanini nimekuta Kabeya amefungua bomba, maji yamefika mpaka kwangu. Kidogo, safu moja. Nimemwagilia vitunguu.