Mama Ija, Mbuzi Wako Wote Wapo

Mwaka umezunguka, Mama. Theluji imeanguka juu ya kaburi lako na imeyeyuka, na Baba bado anaweka glasi yako kwenye sinia la chai kila asubuhi. Halafu anainywa mwenyewe na kulalamika kwamba umezidisha sukari.

Tunaukumbuka mkono wako uliokuwa wazi. Loo, mkono ule nusura utufilisi! Muuza sindano akipita, alikula. Mpimaji wa ile barabara ambayo hadi leo haijafika huku milimani alikula mpaka akasinzia. "Afadhali nife," ulikuwa ukisema, "kuliko mgeni ale dengu nyumbani kwangu." Jirani yetu Hadu alikutania, "Ija, wewe hata upepo ukibisha hodi utauchinjia." Ukamjibu, "Nyamaza wewe, nyama ya kwangu bado imekunasa kwenye meno."

Basi shirika moja la misaada kutoka mjini likaleta mbuzi kwa ajili ya kina mama wa kijiji, nao wakakuchagua wewe uwe mwenyekiti. Masharti hata mtoto aliyaelewa: tukamue, tutengeneze jibini, tuuze sokoni Alhamisi, na faida ilipie bweni la wasichana mjini, maana sekondari iko mbali mno. Mbuzi wakizaana, shirika litaendelea kutusaidia. Wakiisha, na bweni limeisha. Yamna, kitindamimba wako, alikuwa wa kwanza kwenda. Mimi Tuda, mkubwa wake, sikusoma, nawe hukusoma. Ulimfungia mzigo wake huku unalia na kumgombeza papo hapo kwamba anachelewa.

Kila msimu Bi Nawal wa shirika alipanda kutoka mjini kuja kuwaona mbuzi. Sasa mtu aliyeupanda mlima ule utamchinjia nini? Kuku? Astaghfirullahi! Kina mama walikubaliana kwa kauli moja, kisu kikanolewa. Bi Nawal akala, akasifu, "Mama Ija, nyama hii sijapata kuila popote!" Safari nyingine akaja na dereva, nyingine na wenzake, nyingine na mpiga picha, na heshima ikaendelea vilevile. Wallahi, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza.

Mpaka siku aliposema kabla ya kula, "Leo naomba niwaone mbuzi wote kwa macho yangu."

Chungu kilikuwa tayari motoni. Baba akakohoa. Ukampeleka zizini, walikosimama majike wawili na beberu mmoja anayechechemea.

"Wengine wako malishoni?"

"Hapana, mwanangu. Wengine wamo tumboni mwako."

Bi Nawal akakaa kitako juu ya mawe. "Mama Ija! Kwa nini hukuniambia?"

"Mgeni anaambiwaje 'usile'?"

"Lakini wakubwa wangu wataufunga mradi! Yamna atarudishwa nyumbani!"

Hukuwa mtu wa kulia mbele za watu, ila siku ile ulijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kumnyima mgeni ni kuivunjia nyumba jina. Kumlisha ni kumkatizia Yamna masomo. Baba akasema, "Basi mkataze asije tena." Ukamtazama tu, naye akakumbuka kwamba punda hajanyweshwa.

Kisha ukachukua bakuli lako la mti, ukamkamua jike mmoja palepale.

"Kunywa."

Akanywa.

"Kwetu anayekunywa maziwa mkononi mwangu ni mwanangu. Na mtoto wa nyumba hachinjiwi. Ufagio ule pale, zizi chafu."

Naye akafagia, na viatu vyake vya mjini! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulichelewa kutoa jembe, lakini ulipoanza hukushikika.

Bi Nawal hakuwaficha wakubwa wake, wakaja kujionea wenyewe, wawili, na suti zao. Uliwapokea njiani na bakuli. "Kunyweni, wanangu." Wakanywa, maskini, hawajui. Mmoja ukamtuma maji, wa pili ukampa sinia la dengu achambue mawe. Jioni ukawapakulia dengu hizohizo. Ulipakua huku umegeuza uso, Mama, mimi nilikuwa karibu nikakuona. Wakala, wakacheka, wakatupa mwaka mwingine. Mbuzi wakazaa, na Yamna akabaki shuleni.

Ulipougua ulimwita Baba. "Basu, msinichinjie. Wale si mbuzi, ni Yamna." Baba akaapa. Kisha ukatuacha, na bonde zima likapanda kuja kukuzika. Waliporudi kutoka makaburini, Hadu akasimama mlangoni akinusanusa.

"Basu, nanusa dengu. Ija, aliyetulisha sote, leo matangani kwake tule dengu?"

Watu wakamgeukia Baba. Baba alikuwa na kisu kiunoni, na mbuzi walikuwa wanalia zizini. Nilimwona akikishika, nikajua ameshindwa, na mtu gani asingeshindwa siku ile. Lakini alipita akaingia ndani, akatoka na bakuli lako limejaa.

"Kunywa, Hadu."

"Mimi? Nimemzidi umri! Nitakuwaje mwanawe?"

"Kunywa, mtoto mkaidi we!"

Hadu akanywa. Wakafuata wote, wazee kwa watoto, na imamu naye. Wakaketi wakala dengu kama watoto wanavyokula kwa mama yao, bila aibu. Hadu alilia ndani ya sahani yake, kisha akaomba aongezwe.

Yamna sasa yuko chuo cha ualimu. Alhamisi hii anarudi kwa hitima yako, na yeye ndiye atakayesimama mlangoni na bakuli lako. Hakuna kitakachochinjwa. Nanyi mnaosoma haya, njooni tu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Basu, mabinti zako Tuda, Nawal na Yamna, mkweo Moha, wajukuu, kina mama wa mbuzi, na wanao wote wa bakuli kutoka bondeni, akiwemo Hadu, ambaye siku hizi anadai urithi.

Zizi limejaa, Mama. Maadamu tunakamua, hatutakusahau.