Ukuta wa Mto na Mwethya wa Bure

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Baraza kwa chifu leo. Musyimi, kijana aliyeletwa kusimamia mradi wa serikali, ametangaza ukuta wa kuzuia mchanga na maji mtoni kwetu hapa Nuu. Saruji inakuja kwa lori. Na vibarua wote ni wa hapa — mshahara kila Ijumaa hadi mvua ya Novemba! Binti yangu Mutindi alinifinya mkono. Hoteli yake siku hizi ni meza na nzi tu. Alikuwa ameshasema mwisho wa mwezi anafunga, anaenda Emali kuoshea watu vyombo. Sasa: "Baba, nitaazima sufuria kubwa."

Alhamisi, 11 Septemba

Nimebishana na Sugow dukani kwake. Yeye anasema pesa ya serikali ni pesa yake mwenyewe, ilichukuliwa kwa kodi, inarudi imekonda. "Mwalimu, ukimkamua mbuzi kisha umnyweshe maziwa yake, atanenepa?" Watu wakacheka. Nikangoja wamalize. Darasani nilijifunza kungoja.

Nikamwambia: miaka mizuri, pengine usemalo ni kweli. Lakini tazama soko hili. Kila mtu amekalia alicho nacho kwa hofu. Wewe huagizi unga kwa sababu watu hawanunui. Hawanunui kwa sababu mbuzi wao hawapati mnunuzi. Nani aanze? Serikali peke yake ndiyo inaweza kuanza bila kungoja mteja. Impe kibarua mshahara: atakuja kwako kwa unga, wewe utakula kwa Mutindi, Mutindi atanunua maharagwe ya jirani. Shilingi ile ile, na watu wote hao wamekula!

Sugow akajikuna ndevu. "Kama itafika kwa kibarua." Mtu wa kununa huyu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Musyimi alikuja mtoni kuchagua vibarua. Kaluki, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, akampokea kwa wimbo. Akamwonyesha kuta walizojenga wenyewe miaka iliyopita, wakisaidiana kwa zamu. "Sisi hatujalipwa hata peni," akasema, kifua mbele. "Mwethya haulipwi!"

Kijana macho yakamtoka. Basi nyinyi ni mfano kwa nchi nzima! Mawe na mchanga mtabeba kwa mwethya. Ile pesa ya mishahara, atakodisha tingatinga kutoka Nairobi.

Na wakapiga makofi! Walipokonywa mshahara wakapiga makofi!

Nilimweleza Musyimi polepole. Tingatinga halinywi chai kwa Mutindi. Halina watoto wa kununuliwa unga. Pesa itamfuata mwenye tingatinga huko huko aliko, na soko letu litabaki limelala. "Mzee wangu," akasema, "ukuta ni ukuta." Hapana! Ukuta ni nusu ya dawa. Watu hawa wana kiu, na tena hawana kitu mfukoni.

Jioni nimekwenda kwa Kaluki. Mwethya ni nini, nikamuuliza. Si leo nakulimia, kesho unanilimia? Serikali itakuja lini kupalilia shamba lako? Akaendelea kutoa mawe kwenye pojo. Kisha: "Lakini Mwalimu, anayekataa mwethya, siku ya msiba huchimba kaburi peke yake."

Nikasema hilo ni kati ya majirani. Na Musyimi si jirani. Akaweka ungo chini, akasema atawaita wenzake.

Jumanne, 16 Septemba

Mutindi amerudisha sufuria ya watu.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika hapa hapa mtoni, nimeketi juu ya jiwe, maana nikiinuka nitatukana mtu.

Akina mama walifika wote. Wakaweka karai chini, wakaketi mchangani. Kaluki akamwambia Musyimi: tunataka mshahara, kama ulivyosema kwa chifu. Mwethya ni wa jirani. Nilitaka kumpigia makofi!

Musyimi hakubishana. Saruji yote itaenda Makueni leo leo, akasema, huko hawana walimu wa kupotosha watu. Vijana wake wameanza kurudisha magunia kwenye lori. Mmoja anapiga mluzi.

Mvua haiko mbali. Bila ukuta, maji yote yatapita hivi hivi tukiyaangalia. Tukikubali, tutakunywa — na soko litakufa. Serikali gani hii, inayomwambia mtu achague akatwe mkono upi? Na pesa ipo! Ilitangazwa!

Kaluki amekuja hadi kwenye jiwe langu. "Mwalimu, wewe ndiwe ulitukalisha. Tukae ama tuinuke?"

Nimemwambia angoje kidogo. Nafikiri. Kijana yule hawezi kurudi kwa wakubwa wake na saruji ambayo haijatumika — au anaweza?

Mutindi, aliyeketi kati yao, amesimama. Binti yangu mwenyewe! Amejitwika karai, anateremka kwenye mawe peke yake, kubeba bure. Kaluki amemwita mara mbili. Hageuki. Musyimi ameinua mkono kuzuia upakiaji, vijana wamesimama na magunia mabegani.

Akina mama wote wananitazama mimi: wakae, au wamfuate?