Mbuzi wa Bati na Matembezi ya Baba Zuhura

Jumapili, jioni. Tabora inachemka. Mawingu yamejazana tangu adhuhuri lakini mvua hainyeshi, na mimi nimekaa barazani na simu mkononi, naandika haya kabla sijabadili mawazo.

Nilikuwa na uhakika mume wangu ana mwanamke.

Nianze na mbuzi. Mimi ni fundi simu. Baba Zuhura anatengeneza kadi za harusi na mabango kwa kompyuta. Tunafanyia kazi chumba kimoja cha mbele, hapa hapa nyumbani Isevya, yeye dirishani, mimi kwenye kona na bisibisi zangu. Akishakaa mbele ya kioo cha kompyuta hainuki. Chai inapoa, sala inataka kumpita, macho yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Nilisema mpaka nikachoka. Ndipo nikamtengenezea mbuzi.

Nilikata bati la kopo la mafuta ya kula, nikaweka mota niliyoichomoa kwenye deki mbovu ya video, spika ya simu iliyokufa, na kisaa kidogo cha kupima muda. Muda ukifika, mbuzi ananyanyua kichwa, anatikisa ndevu zake za katani, analia. Sauti nilimrekodi mbuzi wa jirani. Hanyamazi mpaka ubonyeze kitufe, na kitufe nimekivuta kwa waya mrefu hadi ukuta wa nje. Lazima uinuke.

Siku ya kwanza tulicheka mpaka machozi. Mbuzi wa bati akilia ndani, mbuzi wa jirani anaitikia nje.

Nilitegemea Baba Zuhura atakata waya kabla wiki haijaisha. Hakukata. Alitii, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Mtu ambaye miaka yote hakunisikia mimi mkewe, leo anamsikia mbuzi? Mnyama akilia tu, yeye huyo. Anapita uani kwanza, ananawa uso. Anabonyeza kitufe, anashika njia ya kwenda njia panda, anakaa huko kidogo, anarudi.

Ananawa uso kwa ajili ya nani?

Jirani yangu Mama Salma hakunisaidia. "Shoga, shemeji siku hizi ana matembezi," aliniambia tukichambua mchele. "Namwona pale njia panda kasimama kama anamsubiri mtu." Nikacheka.

Baada ya hapo kila alichofanya kilininukia. Alianza kunipa kadi nizisome kabla hajachapisha. "Hebu nihakikishie majina, Mama Zuhura, wewe uko makini kuliko mimi." Hajawahi kunisifu bure. Nikasema huyu anajipendekeza, ana jambo. Kadi moja ambayo hakunipa akamwandika bibi harusi Rehani badala ya Rehema. Baba wa binti alikuja amefura. "Mwanangu si kiwanja, nimweke rehani!" Mume wangu aliomba radhi huku akiangalia sakafu. Mimi nikajisemea: akili iko kwa huyo mwanamke.

Simu yake niliipekua pia. Sikukuta kitu. Nikaona kumbe ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Leo mchana, mbuzi alipolia, nilimwacha atangulie. Nikajitanda mtandio, nikamfuata kwa mbali, nikinyata kama mwizi ni mimi.

Hapakuwa na mwanamke. Baba Zuhura alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, ameziba jicho moja kwa kiganja, anaangalia maduka ya ng'ambo, midomo inacheza. Kisha akaziba la pili. Akabaki hivyo muda mrefu. Nilidhani anaomba dua, mpaka nilipofuata uso wake ulikoelekea.

Alikuwa anasoma vibao vya maduka.

Nilimsogelea. Alishtuka.

"Unafanya nini hapa?"

"Napumzisha macho. Si ndivyo mbuzi wako anavyotaka?"

"Nisomee kile kibao cha kijani."

"Duka la dawa," alijibu haraka.

Kweli. Lakini kibao kile kipo pale tangu hatujaoana. Hata akifumba macho atakisoma. Chini yake palikuwa na bango la kitambaa lililofungwa juzi tu, maandishi mekundu, makubwa.

"Na lile la chini yake?"

Aliziba tena jicho moja, akakunja uso.

"Baba Zuhura, limeandikwa nini?"

Aliteremsha mkono. "Nisomee wewe," alisema.

Sikumsomea. Nilimshika kiwiko, tukageuka.

Tulirudi polepole, akanieleza njiani. Jicho la kulia limeingia ukungu tangu kabla ya mfungo, na sasa la kushoto limeanza. Maji ya uani yalikuwa ya kujaribu kuuosha huo ukungu, na vibao vya njia panda vya kupima kama unapungua. Baba yake kule Nzega alipofuka akiwa na umri kama wake huu.

"Baba alianza hivi hivi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kumpeleka msikitini. Sikutaka Zuhura anishike."

Na mimi huyo mwanamke wake nilikuwa nimeshampa mpaka sura.

Kesho hatufungui kazi. Tunakwenda hospitali, kwa daktari wa macho. Pengine ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa. Pengine ni hicho cha baba yake. Sijui, na nikianza kubuni nitabuni vibaya tena. Ameahidi atakwenda, lakini simwamini sana. Mtu aliyekariri mtaa mzima hashindwi kuwasikiliza wa mbele yake kwenye foleni wakisoma herufi za ukutani, naye akazikariri. Nimeshamwonya. Aliguna tu.

Sasa hivi yuko sebuleni anapiga pasi shati la kwenda nalo. Namwona kupitia mlangoni. Mkono mmoja wa shati ameurudia, akaurudia tena, anaunyoosha kwa uangalifu kabisa. Mikunjo iko kwenye mkono mwingine.

Niinuke nikampokee pasi, au nimwache amalize?