Kangaga la Mwambani

Ndama, Karagwe
9 Agosti 1986

Yustasi, leo sikuulizi hali.

Mama yako hajambo. Jana nilimpalilia migomba. Kitabu chako cha mimea isiyotoa maua kimefika kwa mwalimu, akanitafsiria. Kumbe lile kangaga nililokuchimbulia mwambani, uliloahidi kuliita kwa jina langu, umeliita kwa jina la mke wako. Hata kwamba umeoa sikujua.

Lakini picha nimeitazama mwenyewe. Katika ule ufa wa mwamba nilimochimba yalikuwapo makangaga mawili ya aina tofauti, yaliyosongamana. Wewe umechora jani la moja, lenye unga mweupe kwa chini, juu ya shina la jingine, lenye magamba ya kahawia. Ungeniuliza, ningekuambia.

Basi zunguka mwamba kwa mwamba, Yustasi. Kangaga lenye jina la mkeo halijaota popote.

Niliyekungoja,
Pulkeria